Ushirikiano wa Kulinda Maisha ya Wajenzi Marekani

Ajali haina kinga, husema Waswahili. Msemo huo humliwaza aliyefiwa, lakini katika kazi ya ujenzi waweza pia kuficha uzembe. Nchini Marekani, katika miaka ya karibuni, wajenzi zaidi ya 1,000 wamekuwa wakifa kazini kila mwaka, na zaidi ya theluthi moja yao ni walioanguka, wengi kutoka kwenye mapaa, ngazi na majukwaa. Ajali za namna hiyo zina kinga: ukingo imara, wavu, au mkanda wa usalama uliofungwa barabara.

Sheria ya mwaka 1970 iliunda mamlaka ya usalama na afya kazini, OSHA. Hata hivyo, wakaguzi ni wachache na maeneo ya ujenzi ni mengi. Mara nyingi mkaguzi hufika baada ya msiba. Kwa hiyo, mwaka 1998, OSHA ilianzisha mpango wa ushirikiano. Mamlaka, wakandarasi na, mara nyingi, vyama vya wafanyakazi hutia saini mkataba, hupanga mafunzo na kufuatilia idadi ya majeruhi. Mkataba huo haumwepushi mwajiri na sheria: mfanyakazi akifa kazini, uchunguzi hufanyika.

Utaratibu hutofautiana. Katika miji ya Columbus, Ohio, na Buffalo, New York, makampuni binafsi yako chini ya OSHA ya serikali kuu. Louisville imo katika jimbo la Kentucky, lenye mamlaka yake na mpango wake wa ushirikiano na wakandarasi. New York nayo ina sheria ya majukwaa, yenye asili ya mwaka 1885, inayowabebesha dhamana wamiliki wa majengo na wakandarasi pale mjenzi anapoanguka kwa kukosa vifaa vya kinga.

Miji hiyo mitatu imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo na Somalia, na Kiswahili husikika humo. OSHA hudai mafunzo yatolewe kwa lugha anayoielewa mfanyakazi. Aliyeitikia kwa kichwa maelezo ya Kiingereza asichokijua hajafunzwa, hata kama jina lake limo katika orodha ya mahudhurio.

Sheria pia inakataza kumfukuza kazi mtu kwa kulalamikia hatari. Hapo ndipo ushirikiano hupimwa: je, saidia fundi mgeni aweza kusema kwamba jukwaa halina ukingo, kazi ikasimama, naye kesho yake akarudi kazini bila hofu?