Foleni ya Dharura Haifuati Saa

Leo tunawazungumzia watumishi wa idara ya dharura.

Ukifika pale, muuguzi hukupima mapigo ya moyo, upumuaji na presha, kisha huipanga foleni kwa uzito wa hali, si kwa saa ya kufika. Ndiyo maana majeruhi wa bodaboda anayevuja damu hupita mbele ya mwenye mafua. Zamu ni usiku na mchana. Futari na mkesha wa Krismasi huwakuta kazini.

Je, kijana wako anaitamani kazi hii? Njia ipo: mwaka 2010, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya kisasa ya dharura, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Ubingwa husomewa miaka 3, baada ya shahada ya udaktari na mafunzo kwa vitendo. Basi akazane na fizikia, kemia na baiolojia tangu sekondari.

Nawe msikilizaji, ukiambiwa usubiri, usimtukane muuguzi. Ila hali ya mgonjwa wako ikibadilika, mwite muuguzi mara moja.