Deni halizikwi



Yuko mtu ambaye msibani hulia mara mbili. Humlilia marehemu, kisha hujililia mwenyewe. Mtu huyo ni mdhamini.

Tuchukue mfano wa Mwisenge, pale Musoma, kando ya Ziwa Victoria. Mvuvi anakopa shilingi milioni 3 za kununulia injini ya mtumbwi. Jirani yake anatia sahihi ya kumdhamini. Mvuvi analipa milioni 1, kisha anafariki dunia. Matanga hayajaisha, jirani anapata barua: lipa milioni 2 zilizobaki. Anashangaa: "Aliyekopa amekufa, mimi nadaiwa nini?"

Anadaiwa. Sheria ya Mikataba, iliyotungwa Tanganyika mwaka 1961 na ambayo ingali inatumika Tanzania Bara, inasema wajibu wa mdhamini unalingana na wa mkopaji, ila kama mkataba wenyewe umesema vinginevyo. Kifo cha mkopaji hakifuti deni. Wala mkopeshaji halazimiki kuanza na mali ya marehemu ndipo amgeukie mdhamini.

Lakini mdhamini naye ana haki zake. Hadaiwi zaidi ya alichodaiwa marehemu. Akishalipa, yeye ndiye anakuwa mdai, na anaweza kudai fedha zake kutoka katika mirathi. Madeni hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane. Mjane na watoto hawadaiwi mifukoni mwao. Kinachodaiwa ni mali aliyoiacha marehemu.

Hapa ndipo wengi hupotea. Siku ya kumaliza matanga ukoo huuliza: nani anamdai marehemu? Mdhamini huona haya, akanyamaza. Baada ya miezi michache injini imeuzwa, nyavu zimegawanywa, naye anauza ng'ombe wake kulipa. Kusema siku ile si kukosa utu. Aseme, kisha apeleke maelezo yake kwa maandishi kwa msimamizi wa mirathi. Tena aulize kama mkopo ule ulikatiwa bima. Huenda bima ndiyo italipa.

Na wewe utakayeombwa sahihi kesho, usiulize tu kama rafiki yako ni mwaminifu. Waaminifu nao hufa. Jiulize: asipokuwapo, nitaweza kulipa? Kama huwezi, mwambie mapema, kwa upole. Dawa ya deni ni kulipa, na kaburi halijapata kuwa risiti.