Simu Ijayo Itafunguliwa na Nani? Mwelekeo wa Teknolojia ya Simu Ukitazamwa kutoka Meza ya Fundi



Nimeombwa katika semina hii ya mafundi wa simu nizungumzie teknolojia zinazokuja katika simu za mkononi. Kwingine mada kama hii huanza na simu za kukunja na miwani inayoongea. Hizo nitazipita haraka, kwa sababu simu inayoletwa kwa fundi wa mtaa wa Aggrey wa Dar es Salaam, wa Luthuli wa Nairobi au wa Darajani wa Zanzibar kwa kawaida ina miaka mitatu minne, imeshapita mikononi mwa mtu mmoja au wawili, na aliyeileta anataka kujua kama itapona na kwa shilingi ngapi. Simu zilizotoka tangu 2021 ndizo mtakazozihangaikia hadi 2030. Tukizisoma hizo vizuri, tumeshausoma wakati ujao wa kazi yetu.

Ninachokiona katika simu hizo ni kwamba kufungua kwa bisibisi kumebaki nusu ya kazi. Zamani mwenye mkono mtulivu, mashine ya hewa moto na multimita aliweza kuingia ndani ya simu yoyote na kutoka nayo ikiwa hai. Leo unaingia, unabadilisha spea, unafunika vizuri, halafu simu inaomba ruhusa kwa seva iliyo ng'ambo. Ruhusa isipotoka, kazi yako haijaisha hata kama umeifanya kwa ustadi wote.

Spea yenye namba yake

Anzeni na kioo cha iPhone 13, iliyotoka 2021. Mafundi duniani kote waligundua kwamba ukitoa kioo na kuweka kingine, hata cha iPhone 13 nyingine iliyotoka dukani siku ileile, utambuzi wa uso unazimika. Kamera ya uso haikuguswa. Tatizo lilikuwa chipu ndogo kwenye utepe wa kioo, yenye namba ambayo bodi inaikumbuka. Wenye hadubini walijifunza kuing'oa chipu hiyo kwenye kioo kilichovunjika na kuihamishia kwenye kipya, kazi ya kulehemu vidoa ambavyo macho matupu hayavioni. Kelele zikawa nyingi, na Novemba mwaka huohuo Apple ikasema italegeza sharti hilo kwa sasisho la programu. Ona hapo: kilicholeta ubovu ni mstari wa programu, na kilichouponya ni mstari wa programu. Kioo chenyewe hakikuwa na kosa.

Desturi ya kuifunga spea na bodi imeenea pia kwenye betri na kamera. Wenye viwanda wanasema inazuia simu za wizi zisichinjwe na kuuzwa vipandevipande, na hoja hiyo haina uongo ndani yake. Sote tunajua baadhi ya vioo vya mtumba vinavyouzwa vimetoka wapi. Ila kufuli hilohilo linamfungia nje fundi mwenye risiti.

Sheria zimeanza kulijibu jambo hili, ingawa mbali na hapa. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha mwaka 2024 sheria inayokataza kutumia namba za spea kuzuia matengenezo, na ikaanza kutumika Januari 2025. Umoja wa Ulaya nao, tangu tarehe 20 Juni 2025, unataka simu mpya zinazouzwa huko ziwe na spea kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa na masasisho kwa angalau miaka mitano. Kama spea zimefungwa kwa namba, fundi wa kujitegemea lazima apewe programu ya kuzifungulia. Sisi tunaletewa simu zilezile. Spea zinazotengenezwa kwa ajili ya Ulaya zitatufikia kupitia Dubai na Guangzhou kama kawaida. Programu ya kufungulia haitatufikia hivyohivyo, kwa kuwa hupewa mtu aliyesajiliwa, na kusajiliwa kunategemea nchi uliyopo.

Betri

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mabadiliko ya kweli yalipo na ndipo hatari ilipo.

Betri ya simu kwa miaka mingi imekuwa na grafiti kwenye ncha hasi na mchanganyiko wa kobalti kwenye ncha chanya. Grafiti hubeba lithiamu kwa kiasi chake na hapo basi. Silikoni, gramu kwa gramu, inaweza kubeba takriban mara kumi. Kilichoizuia ni tabia yake ya kuvimba: ikijaa lithiamu hutanuka hadi mara tatu ya ukubwa wake, kisha hunywea, na baada ya mizunguko kadhaa hupasuka. Wachina wamelizunguka tatizo hilo kwa kuificha silikoni ndani ya vitobo vya kaboni ili itanukie humo. Honor iliingiza betri ya namna hii katika Magic5 Pro ya soko la China mwaka 2023. Miaka miwili baadaye ikauza simu yenye mAh 8,000 ambayo unene wake haufiki milimita 8. Kwa mteja wa kijijini anayekwenda kuchajisha dukani kwa kulipia, hii ni habari kubwa kuliko kamera yoyote.

Kwa fundi ina maana nyingine. Betri hizi hushuka volti kwa mwendo wake, na saketi ya kuchaji imepangwa kuufuata. Ukiweka ya grafiti kwa sababu tu umbo limelingana na soketi imekubali, asilimia zitakudanganya, na chaji itapelekwa kwa vipimo vya betri isiyokuwapo. Nawasihi wauzaji wa spea walio hapa waandike kwenye pakiti betri ni ya aina gani. "Betri OG" si maelezo.

Kuna jambo la kando ambalo siwezi kulipita. Silikoni inachukua nafasi ya grafiti, na haiigusi kobalti ya upande wa pili. Yaani Mahenge, ambako Tanzania ina hazina kubwa ya grafiti, ndiko wanakopaswa kuifuatilia silikoni kwa makini, ingawa magari ya umeme yatahitaji grafiti kwa muda mrefu. Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti huko Kongo, bado ipo ndani ya kila simu. Kongo huchimba karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Iliposimamisha kuuza nje Februari 2025 na kuweka mgawo Oktoba, soko zima lilitikisika. Wachimbaji wa huko wanazungumza Kiswahili kama sisi, na simu nyingi zinazotokana na jasho lao bado haziwaelewi. Nitarudi hapo.

Gundi pia inabadilika. Katika iPhone 16 ya 2024 betri imeshikwa na gundi inayoachia kwa umeme: unagusisha volti 9 kwenye vidoa viwili, unasubiri kama sekunde 90, betri inainuka bila kubanduliwa kwa nguvu. Kwa mtu aliyewahi kuona betri ikifuka moshi kwa kuchokonolewa na kibanio, huo ni ubunifu wa kushangiliwa. Na kuanzia Februari 2027 Ulaya itadai betri ambazo mtumiaji anaweza kuzitoa mwenyewe kwa vifaa vya kawaida, isipokuwa zile zinazothibitisha kudumu, kama kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000, katika simu zisizoingia maji. Nadhani makampuni mengi yataupitia mlango huo wa pili.

Laini isiyoshikika

Simu za iPhone 17 zinazouzwa Oman, Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain hazina trei ya laini. Ni eSIM tupu, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu. Wote mnajua simu ngapi za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam huletwa na ndugu kutoka Ghuba. Kwa hiyo suala hili halitungoji, limeshapanda ndege.

Tuwe wakweli, eSIM ina faida. Kibaka hawezi kuichomoa laini na kuitupa ili simu isitafutwe. Lakini fikirieni mteja ambaye simu imemdondoka na bodi imekufa. Zamani ulitoa laini, ukaitia kwenye kitochi, na ndani ya dakika moja akawa anapokea simu na kutoa pesa zake. Mwenye eSIM laini yake imekufa pamoja na bodi. Lazima aende duka la mtandao na kitambulisho, hapa Tanzania na alama ya kidole, na kama ni Jumapili jioni, hela zake zinalala huko. Uliza swali hili kabla hujaanza kuchoma: laini iko wapi? Kama imo ndani na simu bado inawaka, mwambie mteja aihamishe kwanza.

Simu ya mkopo

Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo: amana ya shilingi 1,000 za Kenya, kisha shilingi 20 kwa siku. Mfumo huo umeigwa na wengi, na umewapa simu janja watu ambao wasingeipata kwa fedha taslimu. Usipolipa, simu inajifunga. Kufuli liko chini kuliko programu za kawaida, na ukiifuta simu yote bado itaulizwa na seva inapowashwa.

Najua wapo wanaofanya biashara ya "kutoa loki". Semina hii haitawafundisha. Lakini kuna simu iliyolipwa hadi senti ya mwisho na bado imefungwa, na mnunuzi wa pili anayezungushwa kati ya kituo cha huduma kwa wateja na duka. Mtu huyo anastahili mahali pa kwenda, na kwa sasa hana. Hilo ni la wasimamizi, na ni jepesi: deni likiisha, kufuli liondoke moja kwa moja, na muuzaji atoe hati.

Akili mnemba na anga

Desemba 2023 Google iliweka Gemini Nano, akili mnemba yake ndogo, ndani ya Pixel 8 Pro, ikifanya kazi bila bando. Mwaka uliofuata Samsung na Apple wakafuata. Gharama yake ni kumbukumbu: Apple Intelligence inadai GB 8, na RAM huwa imelehemiwa juu ya kichakataji, huwezi kuiongeza. Wakati huohuo, tangu mwishoni mwa 2025 bei ya chipu za kumbukumbu imepanda vikali kwa sababu viwanda vinakimbilia soko la vituo vya data. Simu ya bei nafuu ndiyo inayoumia zaidi, mwaka uleule ambao GSMA, muungano wa kampuni za simu duniani, na kampuni sita za simu za Afrika zilitangaza kutafuta simu ya 4G ya dola 30 hadi 40. Na lugha? Kufikia mwisho wa 2025 Apple Intelligence ilijua Kidenmark na Kinorwe, lakini Kiswahili hakikuwamo. Mwenzetu wa Kolwezi aendelee kusubiri.

Setilaiti ni habari njema zaidi. Starlink na T-Mobile walizindua huduma Julai 2025 nchini Marekani, na simu nyingi za 4G zinatuma ujumbe kupitia setilaiti bila kufanyiwa marekebisho yoyote. Desemba hiyo Airtel Africa ikatangaza makubaliano na SpaceX kwa nchi zake 14. Mvuvi wa Ukerewe hatahitaji simu mpya. Kwa fundi, jambo la kuangalia ni antena: simu iliyofunikwa ovyo, waya wa antena haukukaa sawa, itafanya kazi mjini na kushindwa ziwani, na mteja atasema setilaiti ni uongo.

Simu za kukunja nilisema nitazipita haraka. Bawaba zake huogopa mchanga. Tunaishi pwani.

Ninalopendekeza liwafikie Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na wenzao wa Kenya na Uganda ni moja. Mamlaka hizi tayari huidhinisha kila aina ya simu kabla haijauzwa, na mwaka 2016 TCRA iliweza kuzima simu bandia kwa namba zake za IMEI, kwa hiyo uwezo upo. Katika fomu hiyohiyo ya idhini kiongezwe kipengele kinachomtaka mwombaji aonyeshe wapi fundi wa nchi hii atapata spea na programu ya kuzisajili, kwa bei gani na kwa miaka mingapi. Asiyeweza kuonyesha asubiri.

Baada ya chai tutagawanyika. Meza ya kwanza itapima betri za silikoni na za grafiti kwa multimita, muone wenyewe tofauti ya volti. Meza ya pili ina simu mbili zilizobadilishwa vioo, na kazi yenu ni kutaja ipi imesajiliwa. Tafadhali vaeni miwani ya kinga, na ndoo ya mchanga ibaki ilipo.