Filta ya Hewa ya Gari Si Chekecheke

Mada kwa semina ya mafundi wa magari



1. Utangulizi

Mama mmoja alileta gari karakanani akilalamika kuwa AC haipulizi. Nilifungua kisanduku cha dashibodi, nikavuta filta iliyo nyuma yake. Upande mmoja ulikuwa mweusi kama tako la sufuria ya kuni, na kwenye mikunjo yake mlikuwa na majani makavu na bawa la mende. Mama, ambaye mwanawe ana pumu, akaniambia, "Fundi, si uipulize tu kwa kompresa unirudishie?" Mada hii ni jibu langu kwake.

2. Tunapambana na nini

Unywele wa binadamu una unene wa takriban maikromita 70. Chembe za vumbi na moshi zinazotutisha ni zile zisizozidi maikromita 2.5, kwa kuwa hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Chembe nyingi za moshi wa dizeli hazifiki hata maikromita 1. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachokipendekeza kwa wastani wa mwaka wa chembe hizo, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

3. Filta inavyonasa

Wengi wetu tunaichukulia filta kama chekecheke: kikubwa hubaki juu, kidogo hupita. Sivyo. Nafasi kati ya nyuzi zake ni pana kuliko chembe nyingi inazozinasa. Hewa hupita ikijipinda katikati ya nyuzi, na chembe hunaswa kwa njia nne:

(a) Chembe nzito hushindwa kukata kona pamoja na hewa, zikagonga uzi.
(b) Za wastani hufuata mkondo wa hewa, lakini zikipita karibu na uzi huugusa na kuganda.
(c) Ndogo kabisa husukumwa na molekuli za hewa, zikayumba huku na huku hadi zikaangukia uzi.
(d) Katika filta nyingi, nyuzi hutiwa chaji ya umeme tuli kiwandani. Huvuta chembe kama kitana kilichopita kwenye nywele kavu kinavyovuta vipande vya karatasi.

Kwa hiyo chembe ngumu kunasa si ile ndogo kuliko zote. Ni ile ya karibu maikromita 0.3: nyepesi mno kugonga, nzito mno kuyumba. Ndiyo maana filta za daraja la HEPA hupimwa kwa ukubwa huo, zikitakiwa kunasa asilimia 99.97. Filta za kawaida za magari hazifikii hapo.

Filta zenye tabaka la mkaa amilifu hunasa pia harufu na baadhi ya gesi. Kaboni monoksidi haimo miongoni mwa gesi hizo, hivyo filta yoyote ile haimlindi mtu aliyewasha injini ndani ya gereji iliyofungwa.

4. Makosa ya karakanani

Upepo wa kompresa hupasua nyuzi na kurusha vumbi usoni kwa fundi, huku chembe laini zikibaki zimeganda. Maji na sabuni huondoa chaji. Filta inarudi ikiwa nyeupe machoni, lakini kazi yake imekwisha.

5. Mapendekezo

- Tubadilishe filta kila kilomita 15,000 au kila mwaka, na mapema zaidi kwa gari la barabara ya vumbi.
- Tufuate mshale wa mwelekeo wa hewa tunapoifunga.
- Tumshauri dereva aliye nyuma ya lori linalofuka moshi azungushe hewa ya ndani, kisha afungulie ya nje baada ya dakika chache, kwa sababu hewa ya pumzi ikijaa humletea usingizi.

6. Hitimisho

Yule mama nilimfungia filta mpya, na ile kuukuu nikamkabidhi mkononi. Aliigeuza upande mweusi, kisha mweupe, akaelewa kuwa ule weusi wote ulikuwa njiani kumfikia mwanawe. Hakuniuliza tena habari za kompresa. Naomba kila mmoja wetu amwonyeshe mteja wake filta kabla ya kuitupa.