SHUKRANI ZILIZOCHELEWA: MANENO YA KATIBU KWA WANACHAMA WA TAWI



Haya ndiyo tuliyosema jana kwenye kikao cha tawi. Tunayatuma hapa kwa sababu wenzetu wengi walikuwa ziwani, na wengine Mwaloni wakipokea dagaa.

Tangu tukabidhiwe ukatibu zimepita wiki saba. Pongezi zenu zilikuja kwa ujumbe, kwa simu, hata kwa kutusimamisha njiani pale Kirumba. Hatukujibu. Wapo waliosema cheo kimetupanda kichwani. Hapana, ndugu zetu. Wahenga walisema kawia ufike. Leo tunasema asanteni, wabeja sana.

Sababu ya kuchelewa ni hii. Tulikuwa tunapokea vitabu. Tumesomea uhasibu ngazi ya stashahada, na tulifundishwa kutoweka sahihi kwenye makabidhiano kabla ya kulinganisha vishina vya stakabadhi na daftari la ada. Tulipolinganisha, tulikuta wanachama waliolipa, vishina vyao vipo, lakini kwenye daftari wanasomeka wadaiwa. Mmoja wao ni mama yetu muuza dagaa, aliyekuwa wa kwanza kutupongeza. Tungemwambiaje "asante mama" wakati daftari letu linamwita mdaiwa? Tuliona haya. Hatumtuhumu mtu, tunasahihisha.

Mkoa wetu unalijua jambo hili. Wakulima wa pamba wa Usukuma walipochoka kupunjwa kwenye mizani, walijipanga wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake hapa Mwanza. Mwaka 1962 Bomani akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Mkulima alitaka kitu kimoja tu: kilo zake ziandikwe kama zilivyo. Mwanachama naye anataka ada yake iandikwe kama alivyolipa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Kila mwenye stakabadhi ya ada ailete ofisini, au kwa kiongozi wake wa shina, kabla ya Jumamosi saa 10 jioni. Aliyeipoteza aje pia, tutatafuta kishina chake.

2. Orodha iliyosahihishwa itabandikwa ukutani kabla ya uchaguzi wa tawi. Isomeni, na mwenye hoja aseme mapema. Hatutaki aliyelipa akose kura kwa kosa la kalamu.

3. Waliotutumia fedha za pongezi, tumezirudisha kwa namba zilezile. Anayependa zilisaidie tawi azilete ofisini, apewe stakabadhi.

Mtusamehe kwa kuchelewa.

Katibu wa Tawi