Jiwe la Mvua Limejengwaje?

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa vikundi vya kujisaidia, upande wa Bomet)

Asanteni kwa chai, na asanteni kwa kutuachia viti vya mbele ingawa tumechelewa kwa ajili ya tope.

Mnajua kilichotuleta. Tangu ile mvua ya mawe, vikundi viwili vya hapa havisalimiani vizuri. Wanachama watatu hawakuweza kutoa mchango wa mzunguko kwa sababu chai yao ilipondwa ikabaki vijiti. Wenzao wa ng'ambo ya kijito hawakupoteza hata jani moja, wakasema hao watatu wanatafuta visingizio. Halafu yakaanza maneno mengine, kwamba kuna mama fulani anayejua kuita mawe. Na mwishowe akaja mtu na kitabu cha risiti, akidai shilingi 500 kila nyumba, eti ana unga wa kutia motoni, moshi wake unazuia mawe. Wako waliolipa. Sisi tulipoulizwa tulisema tu, "Msimpe." Hilo si jibu. Tukaenda kusoma, na leo tunaleta tulichopata. Tutaanza mbali kidogo, mtuvumilie.

Tazameni shamba la chai lililopandwa kwa kamba. Futi nne mstari hadi mstari, futi mbili na nusu shina hadi shina. Ukionyeshwa mashina machache tu kwenye kona, unaweza kusema shina la mia litakuwa wapi bila kwenda kuangalia, si ndiyo? Basi, vitu vingi vigumu vimepangwa ndani yake namna hiyo hiyo. Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno zinazoitwa atomi, na katika kitu kigumu kama chumvi, chuma au barafu, chembe hizo zimesimama kwa mistari na nafasi zilizo sawa, kwenda mbele, kwenda kando, na kwenda juu pia. Kitu kilichopangwa hivyo huitwa fuwele. Mambo mengi tunayoyaona kwa macho hutokana na mpango huo ambao hatuuoni.

Chukueni chumvi ya mawe, muitazame kwenye jua. Mtaona visanduku vidogo vyenye pembe za mraba. Kipondeni kimoja, na vipande vyake navyo vitaelekea kuvunjika kwa pande zilizonyooka, kwa sababu vinapasukia kwenye mistari. Hata mabati ya nyumba yana habari hii. Bati jipya mara nyingi lina maua yanayong'aa, kila ua likielekea upande wake. Hiyo ni zinki iliyoganda juu ya chuma. Kila ua ni kama shamba la mtu mmoja aliyenyoosha kamba yake upande wake, na mpaka wa maua mawili ni pale kamba za majirani zilipokutana bila kulingana.

Kwa chuma jambo hili lina faida mnayoijua. Atomi za chuma hubadili mpango zikipata moto mkali, kwenye nyuzi 900 na kitu. Chuma chenye kaboni kidogo, yaani chuma cha pua kama cha panga, kikiwa chekundu sana kisha kikatumbukizwa majini, atomi za kaboni hunaswa katikati ya mistari, na mistari haiwezi tena kuteleza. Panga linakuwa gumu, lakini pia linaweza kuvunjika kama kigae, ndiyo maana mhunzi hulirudisha kwenye moto mdogo. Na yule kijana aliyenoa kisu cha kupogolea kwenye mashine ya kasi hadi kikageuka rangi ya buluu alikifungua mpango huo bila kujua. Kisu kililainika. Si kwamba duka lilimuuzia kibovu, na tulikwisha kugombana bure juu ya hilo pia.

Sasa tuje kwenye mawe.

Barafu ni maji, na maji ni molekuli ndogo. Zikiganda, kila molekuli hushikana na jirani wanne, na kwa kushikana hivyo hufanya vyumba vya pembe sita, kama sega la asali. Sega lina nafasi tupu katikati. Kwa hiyo barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji yaliyoifanya, karibu asilimia 9 zaidi. Ndiyo sababu huelea, na ndiyo sababu chupa iliyojaa maji hupasuka ikigandishwa.

Lakini hapa pana jambo lililotushangaza sisi wenyewe. Tulifundishwa shuleni kwamba maji huganda kwenye sifuri. Tone dogo la wingu, likiwa safi, laweza kufika nyuzi 20 chini ya sifuri, hata kukaribia 40, likiwa bado ni maji! Baridi ipo, molekuli zipo, ila hakuna aliyenyoosha kamba ya kwanza. Kila moja inacheza kivyake. Tone linahitaji kitu cha kuanzia mstari: chembe ya udongo, moshi wa aina fulani, au kidudu.

Kikipatikana hicho, tone huganda, na matone mengine ya baridi hugongana nalo na kuganda juu yake. Upepo wa wingu hulishikilia juu huku likinenepa, hadi liwe zito mno na kuanguka kwenye chai yetu. Likiganda upesi hufungia hewa ndani na kuwa jeupe. Likiganda polepole huwa angavu kama kioo. Ndiyo maana jiwe kubwa lina tabaka, kama kitunguu.

Na kwa nini sisi? Kericho na Nandi Hills huhesabiwa miongoni mwa mahali duniani panapopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Tuko juu, mita 2000 hivi, na hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria hupanda kwenye milima yetu kila alasiri. Wingu moja la mawe ni jembamba. Hupita kama mtu anayefyeka ukanda mmoja wa shamba na kuuacha wa pili. Kwa hiyo kijito kugawanya waliopata na waliokosa si ajabu wala si uchawi. Yule mama aachwe. Tunasema hivi wazi kwa sababu tumesikia wengine wameacha kununua maziwa kwake.

Kuhusu unga wa moshi, hapo lazima tuwe wakweli, maana hautoki kwenye hewa tupu. Mwaka 1946 huko Marekani, Bernard Vonnegut alitafuta katika majedwali ya fuwele kitu ambacho mpango wake unafanana na wa barafu. Alipata iodidi ya fedha. Nafasi zake za pembe sita zinakaribia sana zile za barafu, tofauti ni ndogo mno, hivyo maji ya baridi huidhania ni barafu na kuanza kujipanga juu yake. Kamba iko tayari imenyooshwa. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho walijaribu roketi za kulipuka mawinguni, kisha ndege zilizotoa moshi wa iodidi hiyo. Wazee waliokuwapo watakumbuka, na wengine watakumbuka lawama kwamba ndege zinafukuza mvua. Fikira ilikuwa hii: ukitia vianzio vingi, maji ya wingu yatagawanywa kwa punje nyingi ndogo badala ya mawe machache makubwa, na punje ndogo huyeyuka njiani.

Je, ilifaa? Wanasayansi wangali wanabishana hadi leo. Wingu halina kipimo cha kulinganisha; huwezi kulinyesha mara mbili, mara moja na dawa na mara moja bila.

Mwaka 1982 Russell Schnell na mwenzake waliandika jambo lingine, hili la kwetu kabisa. Walipima takataka za majani zinazolala chini ya michai ya Kenya, wakakuta zina vianzio vizuri vya barafu, vinavyofanya kazi kwenye baridi ndogo tu. Kuna bakteria wa majani ambao ngozi yao ina protini inayozipanga molekuli za maji kama sega. Huenda vumbi la chai lenyewe hupanda hadi mawinguni na kutusaidia kupata mawe. Huenda, tunasema. Asitoke mtu hapa akaacha kuchuma.

Sasa mumpime yule bwana wa risiti. Muulizeni unga wake ni nini. Akisema ni siri, basi. Akisema ni iodidi ya fedha, muulizeni utafikaje. Baridi ya sifuri juu ya nchi yetu iko karibu kilomita 5 kutoka usawa wa bahari, karibu na vilele vya Mlima Kenya penye barafu, na kianzio hiki kinahitaji baridi zaidi ya hapo. Waliokuwa na ndege na mafuta hawakuweza kuthibitisha kwa uhakika, sembuse jiko la makaa nyuma ya kituo cha kununulia majani? Waliolipa waende pamoja na chifu kudai pesa zao, wakiwa na risiti. Asiende mmoja mmoja.

Na kuhusu wale watatu. Tulikaa na kamati zote mbili jana jioni, tukabishana sana. Mzee mmoja alisema sheria ni sheria. Mama mmoja akamjibu kwamba ukanda wa mwaka ujao unaweza kupita kwake. Mwishowe walikubaliana kwamba hao watatu wapewe miezi mitatu, wakati michai inachipua upya, na bonasi ikija kila mwanachama wa pande zote mbili ataweka kidogo kwenye mfuko wa mawe, chini ya mweka hazina wa ng'ambo ya kijito. Kiasi chenyewe hakijaamuliwa. Kitaamuliwa leo mkimaliza kutusikiliza.

Tunaomba neno moja tu. Mawe yakianguka tena, msikimbilie kulia kwanza. Mtu mmoja kila upande aokote jiwe kubwa, alipasue kwa kisu, ahesabu tabaka. Aandike tarehe, saa, na mashamba yaliyoguswa kuanzia lipi hadi lipi. Daftari mbili tumekuja nazo, ziko kwa katibu.