Ardhi ya Jamii Haitiwi Sahihi na Mtu Mmoja

Hotuba ya afisa wa ardhi wa kaunti kwa wananchi kuhusu mradi wa sola unaopendekezwa



Mmesikia kwamba mwekezaji anaomba sehemu ya malisho yenu ajenge mtambo wa umeme wa jua. Wapo waliofurahi na wapo wenye wasiwasi.

Mtambo wa Garissa, uliofunguliwa 2019, una uwezo wa megawati 50 na umejengwa kwenye hekta 85. Umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Kwa hivyo kupakana na paneli si kuwa na stima nyumbani. Mkitaka stima shuleni na zahanatini, iandikwe kwenye mkataba.

Nani atatia sahihi? Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba na mwekezaji si halali hadi thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii waukubali, katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Chifu peke yake hawezi. Wazee peke yao hawawezi. Nasi kaunti haturuhusiwi kuuza ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa. Mama aliyeolewa hapa ana sauti sawa na mumewe.

Kabla ya kuinua mkono, ulizeni: mifugo itapitia wapi kwenda kunywa maji? Fidia ni kiasi gani, na italipwa lini? Muda ukiisha, nani ataondoa paneli na kurejesha malisho?

Mtu akikuletea karatasi nyumbani, usiweke kidole. Jambo hili linaamuliwa hadharani.